Kitufe Kinachoruka Mshono

Machi 3
Mvua imeanza leo alfajiri, na mimi nimeanza daftari hili. Kasi, binti yangu, ndiye aliyeninunulia. Alisema, "Mama, mimi nikiwa kazini nawe una la kusema, liambie hilo. Lina subira kuliko mimi." Nilicheka mpaka nikajidunga sindano. Shule niliishia njiani, lakini mwandiko wangu ni mzuri, hata mwalimu aliyenifukuza alikiri.

Kasi si jina lake la kuzaliwa. Alipewa ofisini kwao kwa sababu ya vidole. Kazi yake ni kusikiliza maneno ya watu yaliyorekodiwa, mikutano, kesi, mahojiano, halafu kuyaandika kama yalivyosemwa. Wenzake husimamisha sauti, wakairudisha nyuma, wakasikiliza tena. Yeye haisimamishi. Mtu akimaliza kusema, naye amemaliza kuandika. Mimi si mtu wa kujisifu, lakini vidole vile amevitoa kwangu.

Anafanyia kazi hapa hapa nyumbani. Mimi na cherehani yangu dirishani, yeye na kompyuta yake ukutani, tumepeana migongo. Kibodi yake si hizi bapa za kila ofisi. Ni nzito kama tofali, na kila kitufe kina springi yake chini, ukikibonyeza kinalia ko. Aliinunua kwa mshahara wake wa kwanza. Siku nzima mimi nakanyaga, yeye anabonyeza. Mteja mmoja aliwahi kusimama mlangoni akauliza kama humu ndani kuna kiwanda.

Machi 4
Mvua. Sketi za shule.

Machi 7
Leo nimepanda ngazi mwenyewe kumwambia jirani wa juu. Mtu huyu ana kijana mhandisi ughaibuni, na hajawahi kuniacha nisahau. Nikabisha hodi nikiwa nimeshika bakuli lake nililokaa nalo tangu mwaka jana.

"Umelirudisha," akasema. "Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Ila tu, mwezi wa Mei ofisini kwa kina Kasi wanachagua mtu mmoja wa kuandika kwenye ukumbi wa baraza la jiji. Mtu anaongea jukwaani, maneno yanatokea palepale kwenye kioo kikubwa, wasiosikia wasome. Kutakuwa na mtihani."

"Kwa hiyo bado hajachaguliwa."

"Bado siku hazijafika."

"Kijana wangu yeye hakufanyiwa mtihani. Waliona tu vyeti."

"Wa kwangu wanataka kumwona mwenyewe," nikasema, nikashuka. Sijui kwa nini watu wengine hupenda sana kujisifia watoto.

Nimeshapima kitambaa cha suti ya siku hiyo. Bluu nzito. Vifungo vidogo vilivyovikwa kitambaa chake chenyewe, kuanzia shingoni mpaka kiunoni. Matundu ya vifungo ndiyo sifa yangu, mafundi wengine huniletea niwatobolee.

Machi 11
Nimesikia kitu. Nilikuwa natia pindo, Kasi anaandika nyuma yangu, ghafla mlio ukaruka. Kama cherehani inaporuka mshono: inakwenda, inakwenda, halafu inakosa moja, halafu inakwenda. Fundi anausikia kabla hajauona.

"Kitufe chako kimoja kinaruka," nikamwambia bila kugeuka.

Akaacha kuandika. "Umejuaje?"

"Nimezaliwa jana?"

Ni herufi A, ile ya pembeni kushoto, anayoibonyeza kwa kidole kidogo. Akanionyesha kwenye kioo: maneno yamejaa mapengo, kama kinywa cha mtoto anayeng'oa meno ya utotoni. "Labda unyevu," akasema. "Mvua hii."

Nikamwambia aniachie mimi.

Machi 12
Nimekitengeneza. Kofia ya kitufe inang'oka, lakini kwa kucha unaweza kuivunja. Nikapitisha vitanzi viwili vya uzi chini yake, kimoja huku, kimoja kule, nikavuta juu taratibu. Ikatoka kama kifungo kilicholegea. Chini yake nikakuta nyuzi. Nyuzi zangu, za bluu za sketi za shule, zimejikunja kama kiota. Nikazitoa kwa kibanio, nikapuliza, nikairudisha kofia.

Kasi akabonyeza. A, A, A, A. "Mama, wewe ni fundi," akasema.

Nilijua hilo, lakini ni vizuri kuambiwa.

Machi 17
Kasi anataka blauzi ya kuvaa kazini isiyo na vifungo. Ya kuingiza kichwani tu. "Ndiyo fasheni sasa," akasema. Nikamwambia mtoto wa fundi wa vifungo hawezi kutembea bila kifungo, ni kama mtoto wa mwokaji kutembea na njaa. Akacheka. Nimeishona. Imekaa vizuri, lakini haina uso.

Machi 18
Mvua usiku kucha. Kitufe kinaruka tena.

Machi 20
Nitaandika ukweli kwa sababu hakuna mwingine wa kuandika. Kasi alitoka asubuhi, akasema ameitwa ofisini. Mimi nikaitazama ile kibodi, nikafikiri: chuma na chuma vinasuguana, springi imo ndani, unyevu umeingia. Cherehani ikiwa hivyo inataka nini? Inataka mafuta. Nikachukua kichupa changu, nikang'oa kofia kwa uzi, nikatia tone. Tone moja halikuonekana kutosha. Nikatia jingine.

Sasa kitufe hakiruki tena. Kimekufa kabisa. Ukikibonyeza kinashuka, kinapanda, kinang'aa vizuri, na kwenye kioo hakitokei kitu.

Kasi alirudi amelowa, amechoka kuliko mtu aliyetoka ofisini. Nikamsubiri avue viatu ndipo nikamwambia. Akakigusa, akatazama mafuta kwenye kidole chake, akaanza kucheka. Akacheka mpaka akakaa chini, na mwisho wa kicheko sikuuelewa, ulikuwa na maji mengi.

"Pole, mwanangu. Nimekiua."

"Hapana mama," akasema. "Sasa angalau kimekufa kweli."

Machi 22
Nimeleta fundi wa kompyuta, ana kibanda chake nyuma ya duka la vyombo. Watu wanamwita Subiri. Ukimuuliza chochote, jibu la kwanza ni hilo. Mtu mzima, mrefu, anafanya kila kitu kama amebeba mayai.

"Kuna nini?" nikamuuliza.

"Subiri, mama."

Akang'oa kofia, akashika swichi kwa koleo dogo, akaivuta nzima nzima. Kumbe kila swichi inachomoka peke yake. Akainusa. Akanitazama.

"Hapa pana harufu ya cherehani."

Kasi akainama akajifanya anatafuta kalamu.

"Ndani ya hii kuna vijibati viwili," Subiri akasema. "Ukibonyeza vinagusana, kompyuta inajua umeandika. Mafuta yakikaa katikati, havigusani. Fundi kwa fundi, mama, usirudie."

Akachomeka swichi mpya. A ikaandika. Nilimdhania tapeli kwa ule utaratibu wake, lakini yule ni mtu wa maana. Kwanza ameniita fundi.

Machi 23
Hakiruki.

Machi 24
Kinaruka.

Machi 29
Barua imetoka kwa mkuu wa Kasi. Anauliza kama anaharakisha kupita kiasi, kwa sababu kazi zinarudi zikiwa na makosa. Kasi alinisomea kwa sauti ya kawaida, kama anasoma bei ya sukari. Mimi ndiye niliyewaka. Nikamwambia amwandikie kwamba ni kifaa kibovu, kwamba mvua, kwamba mimi mwenyewe ni shahidi.

"Nitamwambia ni kifaa," akasema.

Suti imebaki mikono tu.

Aprili 2
Sasa hata Q na Z. Moja juu ya A, nyingine chini yake. Ugonjwa unasambaa kwenye mashine.

Aprili 3
Mvua. Maji yameingia ngazini. Jirani wa juu anauliza mtihani umefika wapi. Nikamwambia Kasi anajinoa.

Aprili 6
Subiri amekuja tena, na leo alikaa sana. Nitaandika kila alichofanya ili mtu asije kusema nimemwonea.

Kwanza alibadilishana swichi: ya A akaipeleka kwenye L, ya L akaileta kwenye A. Akaeleza, na nikaona kweli ni akili. Ubovu ukihama na swichi, basi ni swichi. Ukibaki palepale, basi ni bodi ya chini. Akafungua programu inayochora kibodi kwenye kioo, kila kitufe ukikigusa kinawaka kijani. Akamwambia Kasi aandike. L ikawaka. A ikawaka, ikakosa, ikawaka, ikakosa.

"Ni bodi, basi," nikasema.

"Subiri."

Akachomoa swichi kabisa, akachukua kibanio, akagusanisha vile vitundu viwili vilivyobaki wazi. A ikawaka. Akagusa tena. Ikawaka. Kila alipogusa, iliwaka. Q hivyohivyo. Z hivyohivyo.

Akarudisha swichi, akabonyeza kwa kidole chake mwenyewe, haraka, polepole, kwa nguvu, kwa kugusa tu. Kijani, kijani, kijani. Akaniambia nami nibonyeze. Kijani.

Akamtazama Kasi. Kasi akaweka vidole vyake mahali pake, akabonyeza A. Ikawaka. Akabonyeza tena. Kidole kilishuka, kitufe kikashuka nusu, kikasimama. Akabonyeza tena. Kidole kilitetemeka kidogo juu ya kofia, na kitufe hakikushuka kabisa.

Mvua ilikuwa inapiga dirisha.

Subiri akaanza kukusanya vifaa vyake kimoja kimoja. Mlangoni akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, kibodi ni nzima."

"Nzima vipi na umeona mwenyewe inakosa?"

"Swichi nzima, bodi nzima."

"Basi umeshindwa. Sema umeshindwa, mimi nitafute fundi mwingine."

Alinitazama kama mtu anayetaka kusema jambo akaona halina pa kuwekwa. Nikamwambia huo utaratibu wake ni wa kuficha kutojua. Nikamwambia na mengine. Akasema, "Haya mama," akafungua mwavuli, akaenda zake.

Niliporudi ndani Kasi alikuwa amekaa palepale. "Umemsema sana," akasema.

"Amejitakia."

Aprili 7
Sikulala vizuri. Suti imekwisha. Nimeitundika mlangoni tuwe tunaiona.

Aprili 9
Kasi hajaijaribu suti. Anasema atajaribu siku mvua ikikatika.

Aprili 15
Sketi. Mvua. Hakuna kitu.

Aprili 21
Nimepata wazo na nimejipongeza. Kama ni kibodi, kibodi nyingine itasema. Kijana wa jirani wa juu aliacha yake kabla ya kusafiri, nimeshaiona juu ya kabati lake imefunikwa kitambaa. Kesho nitameza mate niombe.

Aprili 22
Nilidhani atanizungusha. Nilikuwa nimeandaa mpaka maneno ya kumsifu mwanawe. Lakini nilipomwambia Kasi hawezi kufanya kazi, alikwenda moja kwa moja kabatini, akapanda kiti, akaishusha. Akaifuta vumbi kwa kanga yake mwenyewe.

"Chukueni," akasema. "Hapa inasubiri mtu ambaye hata simu hapigi."

Siku zote yule kijana anapiga kila Jumapili, hivyo ndivyo nilivyoambiwa.

"Labda ana kazi nyingi," nikasema.

"Labda," akasema. "Angalia ngazi, zinateleza."

Nikashuka nayo kifuani kama mtu aliyebeba mtoto. Kasi akaichomeka. Ni ya aina ileile, springi na mlio uleule. Nikasimama nyuma yake, mikono mabegani mwake. Nikamwambia, "Andika jina langu na jina lako na jina la baba yako." Akaandika.

Palikuwa na mapengo. Mahali palepale. Kibodi ya mtu mwingine, iliyolala kabatini, haijaona nyuzi zangu wala mafuta yangu wala mvua, na mapengo yalikuwa mahali palepale.

Nilisema, "Nayo ni mbovu."

Kasi akanyoosha mkono wake wa kulia, akashika mkono wangu uliokuwa begani. "Mama. Kaa."

Nikasema nina pindo la kumalizia. Nikaenda kwenye cherehani nikashona pindo, nikalifumua, nikalishona tena.

Aprili 23
Leo naandika mchana, cherehani imefunikwa.

Marehemu baba yake alikuwa mchora mabango. Alikuwa na mkono ambao ungeweza kupiga mstari mnyoofu ukutani bila rula, na mimi niliolewa kwa ajili ya mkono ule, sifichi. Alianza na vifungo. Asubuhi moja alisimama mbele ya kioo akaniita, "Njoo unifunge hiki, leo kinanishinda." Tukacheka. Nikasema shati limebana. Nikampanulia tundu. Halafu nikabadilisha vifungo nikaweka kulabu. Kulabu zilipomshinda nikamshonea mashati ya kuingiza kichwani, na alikuwa akisema, "Umenivisha kama mto wa kitanda." Halafu burashi. Halafu kijiko. Halafu sauti.

Kasi alikuwa bado anasoma shule, lakini alikuwa na macho.

Asubuhi hii nilikaa kama alivyotaka jana. Nilichukua mkono wake wa kushoto nikauweka mapajani pangu, nikaupapasa kama ninavyopapasa kitambaa kutafuta kasoro. Pale katikati ya kidole gumba na cha shahada, penye nyama, palikuwa pameingia ndani. Baba yake palikuwa hivyohivyo.

"Umeona lini?" nikamuuliza.

"Kabla ya mvua."

"Na siku ile uliyoitwa ofisini?"

"Nilikuwa hospitali. Daktari aliniuliza kama kuna mtu kwenye ukoo. Nikamwambia yupo."

"Akasema?"

"Akasema kama nilivyodhani."

Halafu hasira ikanipanda, si hasira ya kweli, ni ile ya kutafuta pa kushika. "Sasa uliniacha nifanye yote yale? Niling'oa kofia kwa uzi. Nikatia mafuta. Nikaleta mtu, nikamfukuza. Nikaenda kuomba juu. Ulikuwa unanitazama tu?"

"Ulikuwa unafurahi, mama. Kila ulipokifungua kile kitufe ulikuwa na uso wa mtu anayejua anachofanya. Nikasema acha, apate kitu cha kutengeneza."

Akaendelea, polepole, anatazama chini.

"Na wewe ulijua. Blauzi ile uliishona bila kuniuliza mara mbili. Wewe, na vifungo vyako."

Nilitaka kusema sikujua. Nimekaa na kalamu hii muda mrefu na bado sijui kama nilijua. Ninachojua ni kwamba nilipokuwa natoa zile nyuzi za bluu chini ya kitufe, nilimshukuru Mungu kwa nyuzi. Mtu hashukuru hivyo kwa uchafu tu.

Tulilia kidogo, si sana. Halafu akasema ana njaa.

Aprili 24
Jirani wa juu alishuka kuulizia kibodi yake inasaidia vipi. Nikafungua mdomo nimwambie Kasi anaendelea vizuri, anajinoa, mtihani umekaribia. Nikaufunga tena. Alinitazama, akapita, akaingia jikoni, akaanza kuosha vyombo. Akaosha vyote, hata vilivyokuwa safi. Mwaka mzima nimekuwa nikimhesabu kama mtu wa kushindana naye.

Alipomaliza nikamwambia yote. Akasema, "Nitashuka kesho," akapanda zake.

Aprili 27
Nimekwenda kwa Subiri kumwomba radhi. Mvua kubwa. Nilimkuta ameinamia redio ya mtu.

"Fundi," nikamwambia, "nilikosea."

"Subiri," akasema, akamalizia kulehemu waya, akaweka chuma cha moto pembeni, akafuta mikono. Ndipo akasema, "Karibu mama. Anaendeleaje?"

Kwa hiyo aliona. Siku ile, kidole kilivyosimama nusu, aliona, na akakubali atukanwe kuliko kunitamkia mlangoni. Nilikaa kwenye kigoda chake, naye akarudi kwenye redio, tukawa kama watu wawili wanaosubiri basi.

Baadaye akasema, "Springi zile ni ngumu kwake. Zipo nyepesi. Zinakwenda kwa uzito, kuna za kati, kuna nyepesi, kuna nyepesi sana ambazo ukizipumulia tu zinashuka. Kibodi yake swichi zinachomoka. Zote zinaweza kubadilishwa."

"Itamponya?"

"Itamwandikisha."

"Leta zile nyepesi sana."

"Nitaagiza."

"Na zikimshinda, kuna nyepesi zaidi ya hizo?"

Nilisubiri aseme lile neno lake. Nilitaka aliseme.

"Hapana mama," akasema. "Hizo ndizo za mwisho."

Mei 1
Mvua.

Mei 5
Kasi amemwandikia mkuu wake, amejitoa kwenye mtihani. Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Aliandika kwa vidole vya mkono wa kulia, na vya kushoto vikisaidia panapowezekana. Hakuandika ni kifaa. Mkuu amejibu kwamba atampa kazi ya kusoma walichoandika wenzake na kusahihisha. Amejibu vizuri, siwezi kumsema.

Suti nimeishusha mlangoni. Kasi akasema, "Usiifumue. Nitaivaa siku moja utanifunga wewe." Nikaitia kwenye mfuko wake.

Mei 14
Swichi zimefika. Subiri alizileta kwenye kopo la chai, vitu vidogo vyenye migongo ya njano. Alitaka kuzifunga yeye, nikamwambia asithubutu, hii ni kazi yangu. Akaniachia koleo lake.

"Taratibu," akasema.

"Unamwambia nani taratibu?"

Kasi akasema, "Mwache mama, Subiri. Amepata kitu cha kutengeneza." Tukacheka wote watatu, na nikaona haya kuona kwamba kicheko kilikuwa kizuri.

Nilichomoa moja, nikachomeka moja, safu kwa safu. Miguu ya swichi ni laini, ukikosea inapinda, unainyoosha kwa ncha ya kibanio kama unavyonyoosha sindano. Jirani wa juu alikaa kando ananishikia taa. Nilianza kulia kwenda kushoto ili A na wenzake wawe wa mwisho. Nilipofika kwenye A nilitamani vingekuwa vitufe elfu.

Kasi akakaa. Akaweka vidole. Kidole kidogo kilitua juu ya A kama nzi anavyotua, na A ikatokea.

"Imeshuka yenyewe," akasema. "Sikuhisi hata kubonyeza."

Akaiandika mara nyingi, mstari mzima, mpaka mwisho wa kioo.

Mei 15
Hakiruki.

Mei 16
Hakiruki.

Mei 20
Mvua inapungua. Wamemchagua binti mwingine kwa kazi ya baraza. Kasi ndiye aliyemfundisha mwaka juzi. Nimemwambia jirani wa juu kwamba aliyechaguliwa amefundishwa na mwanangu. Akasema, "Nilijua hilo halitakupita." Kijana wake amepiga simu jana. Jirani alinielezea maneno yote waliyozungumza, hayakuwa mengi, nami nikayasikiliza mpaka mwisho.

Mei 26
Hakiruki, lakini anaandika polepole kuliko wiki iliyopita. Leo ameniomba nimfungulie chupa ya maji.

Mei 31
Mvua imekwisha. Jua limetoka tangu asubuhi, ngazi zimekauka, mitaro imenyamaza, na nyumba nzima imekuwa kimya kiasi kwamba unasikia saa ya jirani.

Msimu wote nilikuwa nailaani ile mvua kwa kunizibia masikio. Sasa nasikia kila kitu. Nasikia mkono wa kulia unavyokwenda, bado una mbio zake, yule ndiye Kasi wangu. Nasikia wa kushoto unavyoufuata nyuma. Ko. Halafu kimya. Halafu ko. Katikati ya mlio na mlio mtu anaweza kutunga uzi kwenye sindano. Nami najua kidole kiko wapi, kiko hewani, kinatafuta nguvu ya kushuka kwenye kitu ambacho pumzi tu ingekishusha.

Leo alisita, nami nikasimamisha mguu. Akajua. Alisema bila kugeuka, "Mama, shona. Ukinyamaza najua unanihesabu."

Sikuwa na kazi. Sketi zote zimechukuliwa, hakuna kitambaa mezani. Nikachomoa uzi kwenye sindano ili usijikunje, nikainua mguu wa cherehani unaobana kitambaa, nikaanza kukanyaga. Sindano ilipanda na kushuka juu ya chuma kitupu. Nyuma yangu akarudi kuandika.

Nimekanyaga hivyo mpaka alipomaliza.